Mkalimani Aliyefundisha Kuuliza

Kwa miaka kumi na sita Silasi Limbu aliishi kwa kusema maneno ya watu wengine. Alikuwa mkalimani wa mahakama pale Tabora mjini. Mtu wa Igunga akilalamika kwa Kisukuma kwamba ng'ombe wake kaswagwa na wezi, Silasi alisimama kando ya kizimba, mikono nyuma, akamweleza hakimu kwa Kiswahili. Hakimu akikemea, Silasi naye alikemea kwa Kinyamwezi, kwa ukali ule ule. Hakuongeza chumvi wala hakupunguza, na kwa hilo aliheshimika. Lakini akitoka mahakamani alikuwa mzito wa kusema, hata majirani zake wa Ipuli walimdhania ana maringo. Iliwachukua muda kugundua kwamba ni haya tu.

Wachache walijua kwamba ujanani alisomea upadri. Alikaa seminari hadi akamaliza miaka miwili ya falsafa, akijaza madaftari kwa Kilatini. Siku moja alimwendea gombera, mkuu wa seminari, akamwambia hajui kama imani aliyonayo ni yake au ni kitu alichokabidhiwa tu. Gombera alimwambia arudi nyumbani akatafute jibu, kisha aje. Hakurudi. Mama yake alilia wiki nzima. Yeye akamwoa Koleta, fundi cherehani mwenye mdomo mwepesi, wakapata binti, Flavia, na madaftari yakaingia ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda.

Januari ya mwaka 1975, Bwana Lugembe, afisa elimu, alimfuata mahakamani, akamngoja mpaka hakimu alipokwenda kunywa chai.

"Ndugu Limbu, ni kweli umesoma falsafa?"

"Zamani, mzee."

"Basi nina shida nawe."

Shida yenyewe ilikuwa hii. Watu waliokuwa kazini sasa waliruhusiwa kuingia chuo kikuu, na wa Tabora waliokubaliwa walikuwa kumi na mmoja. Wangeondoka katikati ya mwaka kwenda Dar es Salaam. Kabla ya hapo walitakiwa wapate miezi mitatu ya matayarisho, na somo mojawapo lilikuwa utangulizi wa falsafa. Mwalimu aliyetarajiwa kutoka Dar alikuwa mgonjwa, haji tena.

"Mimi ni mkalimani tu," Silasi alisema.

"Ndiyo. Wakalimanie," alijibu Lugembe, akacheka, akaondoka kabla hajakataliwa.

Darasa lilikuwa katika shule ya msingi ya Gongoni, Jumatatu na Alhamisi, saa kumi na moja jioni, watoto wakishaondoka. Siku ya kwanza Silasi alifika amevaa koti la mahakamani, daftari la zamani kwapani. Wanafunzi walikuwa watu wazima waliobanana kwenye madawati ya watoto, magoti yakigonga mbao. Aliandika ubaoni maneno matatu marefu ya Kilatini, akapiga mstari chini ya kila moja, kisha akaanza kusoma. Alitafsiri sentensi moja moja kama alivyozoea, ila safari hii hapakuwa na shahidi wa kumtazama usoni. "Kilichopo kipo kwa kadiri kilivyopo," alisoma. Mtu mmoja akapiga mwayo. Mvua ikaanza kunyesha juu ya mabati, naye akapaza sauti, akizidi kutoeleweka.

Alois, karani wa stesheni ya reli, mtu wa mizaha, alinyoosha mkono. "Mwalimu, samahani. Hii ni ya kujibia mtihani au ina kazi nyingine?"

Darasa zima lilicheka. Silasi alifunga daftari dakika ishirini kabla ya wakati, akatembea hadi Ipuli kwenye mvua bila kujifunika.

Koleta alikuwa akishona sare za shule. Alimtazama mumewe akichuruzika maji mlangoni, akasimamisha cherehani.

"Baba Flavia, wamekupiga?"

"Bora wangenipiga."

Akamweleza yote. Koleta alisikiliza huku akikata nyuzi kwa meno. "Kila siku unarudi hapa na kesi," alisema hatimaye. "Unakula huku umeganda, kijiko hewani. Nakuuliza una nini, unasema: yule shahidi alisema kweli, lakini sijui kama alikuwa anajua. Sasa hayo unayoganda nayo siyo ndiyo hiyo falsafa yenu? Wape hayo. Huo uji wa Kilatini waachie mapadri."

Alhamisi Silasi aliingia bila daftari. Hakuandika kitu ubaoni. Alisimama mikono nyuma, akaanza kusimulia.

"Kuna mama mmoja aliibiwa mbuzi. Alfajiri, akiwa bado kitandani, alisikia mtu akikohoa nyuma ya zizi. Akasema moyoni: huyo ni jirani yangu, kikohozi chake nakijua. Mahakamani akala kiapo. Hakimu akamuuliza: unajua kwamba ni jirani yako? Akajibu: najua kama ninavyolijua jina langu. Jirani naye akakiri. Ni kweli alimwiba mbuzi, alfajiri ile ile."

"Kesi imekwisha," alisema Alois.

"Bado. Jirani akasema: lakini mimi sikukohoa, nilijiziba mdomo kwa shuka nisisikike. Akaja mlinzi wa ghala la tumbaku, akasema: aliyekohoa ni mimi, nilikuwa napita kwenda kazini. Wote wawili walikuwa wanasema kweli. Sasa nawauliza ninyi. Yule mama alisema anajua mwizi ni jirani yake, na mwizi alikuwa jirani yake. Je, alijua?"

Wote wakalipuka kwa pamoja. Alois alishikilia kwamba alijua, kwani si alimtaja mwizi barabara? Mwingine akasema alibahatisha. Alois akauliza: kubahatisha na huku ana hakika? Hapo akasimama Bi Fakhria. Alikuwa mwalimu wa darasa la tatu, mwanamke wa miaka thelathini, mtandio mweupe, wa ukoo wa wafanyabiashara wa asili ya Omani waliokaa Gongoni tangu siku za misafara. Kwa kawaida alisema pole pole, kama anayeandika imla.

"Mwalimu, marehemu baba yangu alitufundisha nyumbani kutenganisha dhana na yakini. Dhana ni kudhani. Yakini ni kujua kusikotikisika. Huyu mama alikuwa na dhana iliyovaa nguo za yakini. Ilitokea kuwa kweli, lakini ukweli haukuingia kwa mlango aliousikia yeye."

Silasi aliokota chaki. Kwa miaka ishirini alikuwa na swali lile kwa Kilatini, na sasa mwanamke aliyefinyana kwenye dawati la mtoto alikuwa amelisema kwa lugha ya sokoni, tena vizuri kuliko daftari lake. Aligeuka akaandika ubaoni: DHANA. YAKINI. Halafu chini yake: UNAJUAJE?

Tangu jioni ile hakuna aliyepiga mwayo. Walikaa wiki tatu kwenye kujua, kisha wakaingia kwenye swali la mtu ni nini. Silasi aliwauliza kama mtu ni mwili wake, au jina lake, au ukoo wake. Fakhria na yeye walivutana siku hiyo kwa mara ya kwanza.

"Ukoo haumfanyi mtu," alisema Fakhria.

"Ni rahisi kusema hivyo, Bi Fakhria. Babu yako alipita njia hii amepanda punda. Babu yangu alipita njia hiyo hiyo na pembe ya ndovu begani."

Mara tu alipoyasema alitamani kuyarudisha. Fakhria aliinama, kisha akainua uso. "Ni kweli, mwalimu. Na mimi sikumchagua babu yangu, wala wewe hukumchagua wako. Ndiyo maana nauliza: kilichobaki baada ya kuwaondoa hao mababu, ndicho mimi? Au nikiwaondoa sibaki na kitu?"

"Sijui," alisema Silasi. Kisha, kwa sauti ya chini, "Nisamehe kwa maneno yale."

"Hayakuwa ya uongo. Tuendelee."

Mwezi wa pili wa masomo wakafika kwenye swali la tatu: tutende nini, na jambo jema huwa jema kwa sababu gani? Silasi aliamua kuanza na kisa chake mwenyewe, kwa kuwa hakuona haki kutumia vya wengine tu.

"Kuna siku hakimu alimhukumu mtu miaka saba," aliwaambia. "Mtu yule hakujua Kiswahili. Nikamgeukia nikamwambia kwa Kinyamwezi: utafungwa miaka saba. Hakumtazama hakimu, alinitazama mimi. Akanijibu: wewe umenifunga. Nilitaka kumwambia kwamba mimi nimepeleka maneno tu. Lakini mdomo uliosema ulikuwa wangu. Nawauliza: mtu akitenda alichoagizwa, kitendo ni cha nani?"

Kwenye dawati la mwisho, dirishani, alikuwa amekaa Kornel. Kornel alikuwa bwana shamba, mwenyeji wa Songea, kijana mrefu aliyehudhuria kila kipindi na ambaye mpaka siku hiyo hakuwahi kufungua mdomo. Alisimama sasa, akashika ukingo wa dawati kwa mikono miwili.

"Ni cha aliyetenda," alisema.

"Kwa nini, ndugu Kornel?"

"Septemba iliyopita nilitolewa shambani nikasaidie kuhamisha watu kwenda kijiji kipya. Mwalimu, mimi naamini vijiji. Kwetu niliona watoto wanatembea maili saba kwenda shule. Watu wakikaa pamoja watapata kisima, zahanati. Hilo naliamini hadi leo." Alitazama dirishani. "Kulikuwa na bibi mmoja, mjane, hakutaka kupanda lori. Alikuwa akisema kitu kwa lugha yake, anarudia rudia, sisi hatumwelewi. Kiongozi wetu akanipa kiberiti, akasema, choma, nyumba ikiisha atapanda. Nikachoma. Alipanda. Baadaye njiani dereva akatutafsiria. Bibi alikuwa anasema: mbegu zangu zimo ndani. Mtama wa mbegu, ulikuwa kwenye kihenge nyuma ya mlango. Alikuwa anaomba autoe tu."

Nje mtu alipita na baiskeli, mnyororo ukilia.

"Nimesikiliza hapa wiki saba," Kornel alisema, "nikingoja mtu aniambie kwamba ni cha aliyeniagiza." Akakaa.

Silasi alijua kwamba mwalimu hasa angekuwa na la kusema. Yeye alikwenda hadi dawati la mwisho, akakaa kando ya Kornel, na darasa likaisha hivyo, watu wakitoka mmoja mmoja bila kuagana kwa sauti.

Kuna aliyepeleka habari. Jumatatu iliyofuata Lugembe alimwita Silasi ofisini kwake, akafunga mlango mwenyewe.

"Limbu, nimeambiwa unawafundisha watu kuhoji uhamiaji vijijini."

"Nawafundisha kuhoji, mzee. Lile la vijiji lilikuja lenyewe."

"Lilikuja lenyewe!" Lugembe alijipangusa paji la uso. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu mwenye wakubwa. "Sikiliza. Bakiza maswali mawili ya kwanza. Hilo la tatu, la kutenda, liondoe. Watakutana nalo Dar, huko wana maprofesa wa kuwatetea. Wewe nani atakutetea? Na mimi je?"

Ilikuwa zamu ya Silasi kuitikia. Kwa desturi yake angesema ndiyo mzee, akatoka. Alisimama akitazama ramani ya mkoa ukutani.

"Siwezi kuliondoa," alisema. "Nikiliondoa, nitakuwa nawaambia kwamba yale mawili ni michezo. Kama haifai nifundishe, nitaacha, nami sitanung'unika. Lakini nikifundisha, nitafundisha yote. Njoo ukae darasani Alhamisi, mzee. Usikie kwa masikio yako, usiamini kikohozi cha nyuma ya zizi."

"Kikohozi gani tena?"

"Ukija utaelezwa."

Alipomsimulia Koleta, mkewe aliketi mbele ya cherehani yake akimkodolea macho. "Umemwambia hivyo? Wewe?" Kisha akainuka akampikia chai ya maziwa, na wakati anaikoroga alikuwa akifuta machozi kwa ncha ya khanga, asijue mwenyewe kama ni ya hofu au ya furaha.

Lugembe alikuja. Alikaa nyuma kabisa, kalamu na karatasi mkononi, na dakika za mwanzo kila mtu alisema kama anayesoma risala. Ni Fakhria aliyechoka.

"Tusidanganyane," alisema. "Mzee Lugembe, karibu. Swali letu ni hili. Tunasema ujamaa ni mzuri. Mimi nakubali, japo nyumba mbili za baba yangu zilichukuliwa na serikali, na mama hajanisamehe kukubali kwangu. Lakini ni mzuri kwa sababu tumeamriwa, au tumeamriwa kwa sababu ni mzuri? Kama ni mzuri kwa sababu ya amri, basi kesho ikija amri ya kinyume, undugu utakuwa umegeuka ubaya. Na kama ni mzuri wenyewe, basi hata anayetoa amri tunaweza kumpima kwa undugu huo huo. Bibi yule alikuwa ndugu yetu. Kiberiti kilimpima nani?"

Alois, ambaye hakuna aliyewahi kumwona bila tabasamu, alisema taratibu, "Mwenye kuogopa swali hili hauamini ujamaa sana kuliko sisi. Anauamini kidogo."

Macho yote yakamgeukia Lugembe. Aliitazama karatasi yake, iliyokuwa nyeupe, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni pamoja na kalamu.

"Mama yangu naye alihamishwa," alisema. "Yeye alipanda lori kwa hiari, kwa kuwa ni mimi niliyemwambia apande. Bado sijaenda kumwona." Akasimama. "Ripoti yangu itasema kwamba somo linaendelea vizuri." Mlangoni aligeuka. "Na hicho kikohozi, Limbu, hujanieleza."

Wiki iliyofuata Kornel alimngoja Silasi nje ya mahakama. "Mwalimu, nataka kwenda kwa yule bibi. Anaitwa Bibi Ngollo. Lugha yake sijui. Utanisindikiza?"

Waliondoka Jumamosi asubuhi kwa lori la pamba lililokuwa likirudi kaskazini tupu, wameketi juu ya maturubai, miombo mibichi ikikimbia pande zote. Walifika karibu saa sita. Kijiji kipya kilikuwa kimenyooka kama reli: nyumba mstari huu, nyumba mstari ule, na katikati uwanja wa matope. Kuta za shule zilikuwa zimefika usawa wa madirisha. Kisima kilikuwa kimechimbwa nusu. Nyumba ya Bibi Ngollo ilikuwa ya mwisho, fito zikionekana kwenye ukuta, paa limezama upande mmoja. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, akipalilia karanga mbele ya mlango.

"Mwangaluka, maayu," Silasi alimwamkia, akainama.

Alimjibu, akaacha jembe. Kisha akamtambua Kornel. Alikaa chini, akanyoosha miguu, akangoja.

Kornel alipiga magoti kwenye matope. Alisema kwa Kiswahili, sentensi fupi fupi, naye Silasi akazipeleka kwa Kinyamwezi moja baada ya moja: kwamba yeye ndiye aliyewasha moto, kwamba hakumwelewa, kwamba hata bila kumwelewa hakupaswa kuwasha, kwamba amemletea mtama wa mbegu debe moja, wala haufanani na ule. Kwa mara ya kwanza maishani sauti ya Silasi ilimkatika katikati ya tafsiri. Ilibidi ajikohoze na kuanza upya.

Bibi Ngollo alifikiri. Halafu akauliza, na Silasi akageuka kwa Kornel.

"Anauliza: msamaha huu unaouomba ni wako, au wa yule aliyekutuma?"

"Wangu," alisema Kornel. "Wa aliyenituma siwezi kuubeba. Aje mwenyewe."

Silasi alitafsiri. Bibi aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayesikia bei asiyoipenda lakini anaiona ya haki. Kisha akasema maneno mengi kwa haraka, akinyoosha kidole juu.

"Anasemaje?"

"Anasema paa linavuja. Anasema nyasi zipo pale nyuma, alizikata mwenyewe, ila hana wa kupanda."

Kornel alivua viatu. Walifanya kazi mpaka jua likaelekea kuzama, yeye juu akifunga nyasi kwa kamba za magome, Silasi chini akimrushia mafungu, koti la mahakamani limetundikwa kwenye fito. Bibi Ngollo aliwasimamia kwa ukali, na kila aliposema, Silasi alitafsiri: vuta, siyo hapo, huyu hajui kuezeka, kwao wanalala mapangoni?

Kwenye lori la kurudi Kornel aliuliza, "Kwani amenisamehe?"

"Hakusema."

"Nilidhani labda umesahau kunitafsiria."

"Hakusema, ndugu yangu. Ningekuambia."

Kumi waliondoka mwezi wa saba kwenda Dar es Salaam. Fakhria alishika nafasi ya juu katika mwaka wake. Kornel aliomba kubaki, akahamishiwa kijiji kile kile kuwa bwana shamba wake, na mtama wa Bibi Ngollo ukastawi kuliko wa jirani zake wote. Mjane yule aliishi katika nyumba ile mavuno matatu. Alipozidiwa na uzee Kornel alimpeleka mwenyewe kwa binti yake Igunga, na safari hiyo hakuhitaji mkalimani. Kinyamwezi alichokuwa amejifunza kilitosha kumwomba radhi tena njiani, na kuambiwa anyamaze aangalie barabara.

Mwaka 1976, darasa jipya la Gongoni lilipoanza, alikuja mhadhiri kamili kutoka Dar, kijana mwenye miwani na vitabu vipya. Lugembe alimwandikia Silasi barua fupi ya shukrani. Silasi hakukasirika. Aliomba ruhusa ya kuhudhuria kama msikilizaji, akaketi dirishani na magoti yakigonga dawati. Mhadhiri aliandika ubaoni maneno matatu marefu, akapiga mstari chini yake, akaanza kueleza. Silasi alivumilia kama robo saa. Kisha akanyoosha mkono.